Nilivyoondoa utomvu wa msonobari kwenye rangi ya gari kwa spiriti ya duka la dawa

Mwezi Julai niliegesha gari langu, Toyota IST ya bluu iliyokolea, chini ya msonobari mjini Mafinga kwa siku 11, kwa sababu ua wa shemeji yangu ulikuwa umejaa maturubai na viti vya harusi na hapakuwa na nafasi nyingine. Mafinga ni mji wa misonobari. Shamba la miti la Sao Hill liko jirani kabisa, na wapo watu wanaogema utomvu wa miti hiyo ili uuzwe. Nililijua hilo vizuri na bado nikaegesha pale, kwa hiyo sina wa kumlaumu.

Siku ya kuondoka matone yalikuwa bado laini kama asali, na laiti ningeyafuta asubuhi ile nisingekuwa na habari ya kuandika. Badala yake tuliteremka Kitonga, tukaingia kwenye joto la Mbuyuni na Mikumi, jua likichoma kutoka juu na injini ikichemsha boneti kutoka chini, huku vumbi la malori likinasa juu ya kila tone. Nilipofika Dar es Salaam matone hayo yalikuwa magumu, yana rangi ya chai ya rangi, na ukiyapapasa kwa kidole unasikia mchanga. Niliyahesabu: matone 37 kwenye boneti na paa, mengine kama punje ya mahindi, na moja refu lililotiririka kuelekea taa ya kushoto.

Utomvu wa msonobari una sehemu nyepesi, yaani tapentaini, ambayo huruka hewani, na sehemu nzito, yaani ulimbo, ambayo hubaki na kuganda. Ukishaganda, maji hayaufanyi lolote. Wakazi wa pwani wanaijua sandarusi, ambayo nayo ni utomvu wa mti uliokauka, na katika karne ya 19 ilisafirishwa kwa wingi kutoka Zanzibar kwenda kutengenezewa vanishi. Ukilikumbuka hilo hutashangaa kwa nini kitu cha jamii hiyo kikidondokea kwenye rangi ya gari hung'ang'ania kana kwamba kilipakwa kwa makusudi.

Kosa langu la pili lilikuwa kulipeleka gari mahali pa kuoshea magari bila kusimamia. Vijana wale hawakuwa na nia mbaya, bali waliona uchafu sugu na wakautendea kama uchafu sugu: sabuni ya unga, brashi, na nguvu za mikono. Matone yalibaki 37 kama yalivyokuwa, ila sasa kila moja lilikuwa limezungukwa na mikwaruzo myembamba iliyosababishwa na mchanga ule ule ulionasa ndani yake. Ile klia inayofunika rangi ni nyembamba kuliko unywele, kwa kawaida kiasi cha mikroni 40 au 50 tu, na anayesugua hapunguzi utomvu peke yake. Mmoja wao alishauri thina, mwingine wembe. Nikawashukuru, nikalipa, nikaondoka.

Katika kuulizauliza ndipo nikafika kwenye spiriti, na mwanga wenyewe ulitoka jikoni. Mtu yeyote aliyewahi kupasua fenesi anajua kwamba mikono hupakwa mafuta kwanza, kwa kuwa ulimbo wake haujali maji wala sabuni lakini hushindwa na mafuta. Kila utomvu una kiyeyushi chake, na ulimbo wa msonobari huyeyuka katika alkoholi. Nilikwenda duka la dawa, nikaomba spiriti, yaani alkoholi ya isopropili ya asilimia 70, chupa ya nusu lita, ambayo ilinigharimu chini ya shilingi elfu kumi. Mhudumu aliniuliza, "Kaka, kidonda kiko wapi?" Nilipomwonyesha gari pale nje alicheka, akaniongezea furushi la pamba.

Nilianza kwa kuliosha gari kwa maji mengi ili kuondoa vumbi, nikalikausha na kuliacha kivulini mpaka boneti ikapoa kabisa, kwa sababu kwenye bati la moto spiriti hukauka kabla haijafanya kazi. Kisha nilijaribu kidogo kwenye ukingo wa ndani wa mlango, mahali pasipoonekana, nikaona rangi haikubadilika wala kuhamia kwenye kitambaa. Hapo ndipo nilipolowesha pamba, nikaikalisha juu ya tone la kwanza, nikaifunika kwa kipande kidogo cha nailoni ili isikauke haraka, nikasubiri dakika mbili bila kugusa kitu. Nilipoinua pamba, tone lilikuwa limegeuka jeupe pembeni na kuwa laini kama ubani uliotafunwa. Sikulisugua. Nilipitisha kitambaa laini cha maikrofaiba mara moja, nikielekea upande mmoja tu, nusu yake ikatoka; nikaweka pamba mpya, nikasubiri tena, na safari ya pili likatoka lote, pamoja na harufu ya msituni iliyonikumbusha ile harusi.

Matone 37 yalinichukua takribani saa mbili na nusu, na chupa ilipungua kidogo zaidi ya nusu. Siri, kama ipo, ni kugeuza upande wa kitambaa kila baada ya tone moja, maana ulimbo uliokwisha kuyeyuka ukiupeleka kwenye tone linalofuata unakuwa umesambaza gundi yenye mchanga juu ya rangi. Kwa kioo cha mbele nilitumia wembe uliolazwa, kwani kioo hustahimili, lakini sikuthubutu kufanya hivyo kwenye taa, ambazo ni za plastiki. Mipira ya waipa nayo niliifuta kwa spiriti kidogo, kwa kuwa ilikuwa imeshika ulimbo na kuupaka kwenye kioo kila nilipoiwasha.

Kuna jambo moja ambalo ningependa mtu angeniambia mapema. Bampa langu la nyuma liligongwa miaka miwili iliyopita na kupakwa rangi upya mtaani kwa NC, yaani rangi inayokauka kwa thina yake kuruka tu, siyo 2K, ile inayochanganywa na kigumishi. Kulikuwa na tone moja pale, na kwa kuwa jaribio langu la mlangoni lilikuwa limefaulu, nikalifunika kwa pamba kama mengine. Pamba ilitoka na bluu. Rangi ya kiwandani ilikuwa imestahimili dakika mbili bila shida, ile ya NC haikuvumilia, na sasa pana doa lililofifia lenye ukubwa wa sarafu ya shilingi mia. Gari likiwa limewahi kupigwa rangi sehemu fulani, jaribio lifanyike sehemu hiyo hiyo, tena la sekunde chache.

Upungufu mwingine ni mdogo. Spiriti huondoa na nta iliyokuwa juu ya rangi, hivyo baada ya kuosha tena nililazimika kupaka nta upya, la sivyo boneti ingebaki kavu na kushika vumbi. Ngozi ya vidole ilikauka hadi kupauka kwa sababu sikuvaa glavu. Pia ni kitu kinachoshika moto upesi, na jirani aliyekuja kutazama akiwa na sigara mkononi ilibidi nimwombe asimame mbali.

Jirani huyo huyo, ambaye huegesha chini ya mwembe, aliomba spiriti iliyobaki kwa ajili ya vitone vilivyotapakaa kwenye gari lake. Nilivitazama na kuvigusa: vilikuwa vinanata lakini havikuwa vigumu, na vingine vilikuwa vimeota ukungu mweusi kama masizi. Huo haukuwa utomvu, bali ni majimaji matamu yanayotolewa na wadudu wanaofyonza majani ya mwembe. Nilimshauri atumie maji ya uvuguvugu na shampuu ya gari, vikatoka vyote bila kutumia tone la spiriti.

Kwenye gari langu, matone matano makubwa yaliacha alama za duara ambazo spiriti haikuweza kuzifuta, kwa kuwa hazikuwa tena utomvu bali ni klia yenyewe iliyoathirika. Fundi rangi alizipitia kwa kompaundi laini, yaani dawa ya kung'arishia inayokwangua klia kidogo, pamoja na mikwaruzo ya ile brashi, na gharama yake ilikuwa mara nne ya bei ya chupa ya spiriti. Mikwaruzo ilipungua sana. Duara tatu zilitoka; mbili bado zinaonekana asubuhi jua linapolala juu ya boneti, na fundi amekataa kuzirudia kwa hofu ya kuimaliza klia, uamuzi ambao nimeukubali.