Kuhamishia krediti za uzamili kwenye DBA ukiwa Zanzibar: tathmini yangu

Huduma ninayoitolea maoni ni ile ya kutambuliwa kozi za uzamili ulizokwisha kusoma unapoingia kwenye DBA, yaani shahada ya uzamivu ya uendeshaji wa biashara, katika chuo cha Marekani kinachosomesha kwa mtandao, ukiwa mwenyewe uko Unguja au Pemba. Inafanya kazi na inaokoa fedha za maana. Lakini hupimwa kozi kwa kozi, na kinachoamua ni muhtasari wa kozi. Anayepeleka transkripti, yaani hati ya matokeo ya kozi zote, peke yake huambulia kidogo, au asiambulie kitu.

Nianze na fedha. Chukua mfano wa programu ya krediti 60 kwa dola 600 kila krediti: jumla ni dola 36,000. Ukikubaliwa krediti 12, umepunguza dola 7,200 na kozi nne. Si haba. Hata hivyo kiwango cha juu kinachotajwa kwenye matangazo, robo au hata nusu ya programu, ni wachache wanaokifikia, na sababu kubwa ni moja: kozi ikishatumika kukupatia shahada, vyuo vingi haviikubali tena kwenye shahada nyengine. DBA nyingi zinataka uwe na MBA, yaani uzamili wa uendeshaji wa biashara, au uzamili mwengine ndipo uingie. Maana yake kozi za MBA zimeshakufungulia mlango, na mlangoni ndipo zinapoishia. Wenye nafasi nzuri zaidi ni waliosoma kozi za uzamivu wakaacha kabla ya tasnifu, wenye shahada mbili za uzamili, na waliosoma kozi za ziada nje ya zile zilizohesabiwa kwenye shahada. Aliyekuwa kwenye uzamivu wa utafiti mtupu hana cha kuhamisha, hata kama ameandika sura tatu: sura za tasnifu hazina krediti ya kozi. Zipo programu chache zinazopokea shahada nzima ya uzamili kwa mkupuo, lakini lazima kanuni hiyo uione kwenye kitabu cha mwongozo wa chuo cha mwaka huo. Maneno ya simu hayatoshi.

Kabla ya kulipa ada ya maombi, mwandikie mkurugenzi wa programu, si mshauri wa udahili peke yake. Mshauri kazi yake ni kukuingiza chuoni. Uamuzi wa krediti hutoka kwa walimu na Ofisi ya Msajili. Uliza mambo haya, na upate majibu kwa maandishi: mwisho ni krediti ngapi, kozi isizidi umri gani (vyuo vingi huweka kati ya miaka 5 na 10), alama ya chini ni ipi, na kwa kawaida ni B, kozi iliyotumika kwenye shahada nyengine inakubalika au haikubaliki, na krediti zikikubaliwa, ada inapungua au unapunguziwa kozi tu huku ada ya jumla ikibaki palepale. Hili la mwisho watu hulisahau, na programu zinazotoza ada moja kwa mwaka zipo. Barua pepe hiyo iambatane na jedwali: namba ya kozi, jina, krediti, saa, alama, mwaka, na mbele yake kozi ya kule unayotaka iondolewe. Ukimwachia mwalimu wa mbali akutafutie kozi inayolingana na yako, atasema hakuna.

Sasa hesabu ya saa, ambayo ndiyo kiini cha kazi yote. Katika mfumo wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, TCU, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, mkijumuishwa mihadhara, semina, kazi za kufanya na kujisomea. Shahada ya uzamili hufika krediti 180. Marekani krediti moja ya muhula ni saa moja ya darasani na si chini ya saa mbili za kazi nje ya darasa, kila wiki, kwa wiki kama 15. Hizo ni saa 45. Kozi yako ya krediti 12 ina saa 120. Gawa kwa 45 unapata 2.67, na kozi ya kule kwa kawaida ni krediti 3. Kipande hicho kinachopungua ndicho kinachokwamisha maombi mengi. Chuo kimoja kitasema maudhui yametosha, kozi iondolewe, na pengo ulizibe kwenye kozi ya hiari. Chengine kitakataa moja kwa moja. Chengine kitakuruhusu kuunganisha kozi mbili za kwenu ziondoe moja ya kwao, kwa sharti ziwe za fani moja.

Vipo vyuo vinavyogawa mwaka kwa robo badala ya mihula, na huko krediti moja ni kama saa 30. Kozi ya krediti 4 huko ni saa 120, sawasawa na krediti 12 za kwetu. Mwenye kozi nyingi za krediti 12 ningemshauri avitazame vyuo hivyo mwanzo.

Tena si kila mtathmini anahesabu saa zote. Wapo wanaotazama saa za darasani tu, 15 kwa krediti moja, na kwa njia hiyo kozi yenye saa 45 za mihadhara na semina inatimiza krediti 3 hata kama jumla yake ni saa 120. Kwa hiyo muhtasari wako uonyeshe yote: saa za mihadhara, saa za semina, saa za kujisomea, na jumla. Mihtasari mingi ya vyuo vyetu huandika krediti tu na orodha ya mada. Huo haukufai. Rudi idarani uombe ulio kamili, wenye malengo ya kozi, mada za kila wiki, vitabu vya kiada, namna ya kupima na uzito wa kila jaribio, jina na sifa ya mwalimu, sahihi ya mkuu wa idara na muhuri kwenye kila ukurasa. Na uwe wa mwaka uliosoma wewe. Mtaala ukishabadilishwa, makarani hukupa muhtasari mpya kwa nia njema. Mtathmini akiona namba ya kozi hailingani na transkripti, anaiweka kando.

Alama nazo zinataka maelezo. Vyuo vingi vya kwetu A inaanzia 70, na Marekani 70 ni C. Transkripti yenye asilimia bila ya jedwali la madaraja inaweza kukuangusha wakati ulifaulu vizuri. Hakikisha jedwali limechapwa nyuma ya transkripti, au omba barua ya Ofisi ya Msajili inayolieleza.

Vyuo vingi vya Marekani havipimi vyenyewe shahada za nje. Vinakutaka upitie taasisi ya kutathmini, na kwa kawaida huwa ni mwanachama wa NACES, umoja wa taasisi za Marekani zinazotathmini shahada za nje, kama WES au ECE. Agiza ripoti inayochambua kila kozi na krediti zake. Ile ya bei rahisi inayosema tu kwamba shahada yako inalingana na uzamili wa Marekani inatosha kwa udahili, lakini kwa kuhamisha krediti haina kazi, na utalazimika kulipia nyengine. Nyaraka kwa kawaida hutakiwa zitoke chuoni moja kwa moja, kwa njia ya mtandao au kwenye bahasha iliyofungwa na kupigwa muhuri kwenye mfuniko. Fungua faili lako kwa mtathmini kwanza, upate namba, na namba hiyo iandikwe juu ya bahasha. Bahasha isiyo na namba inaweza kukaa muda mrefu pasipo kujulikana ni ya nani. Itume kwa EMS ya posta au kampuni ya usafirishaji inayokupa namba ya kufuatilia.

Majina ni mtihani wa kwetu khasa. Khamis na Hamis, Mohammed na Mohamed, jina la babu lililoachwa kwenye cheti na kuandikwa kwenye pasipoti: kwa mtathmini hao ni watu wawili. Kula kiapo mbele ya wakili, hati itaje namna zote jina lako linavyoandikwa, na uiweke kwenye faili tangu siku ya mwanzo. Walioko Wete, Chake Chake au Mkoani wasipande boti kwa ajili ya muhuri mmoja. Kama chuo kiko Unguja, mtu wako wa karibu anaweza kushughulikia akiwa na barua ya idhini yenye sahihi yako na nakala ya kitambulisho chako, mradi umeiuliza ofisi husika kabla.

Wengi wetu tumesoma nje, na waliosoma Khartoum wana uzito wa peke yake. Nyaraka za Kiarabu zinataka mfasiri anayetambulika, na asili iende pamoja na tafsiri. Tafsiri ya mwenyewe hairuhusiwi. Juu ya hayo, vita vilivyoanza Aprili 2023 vilivuruga kazi za vyuo vya mji ule. Usingoje hadi kushindwa. Mweleze mtathmini mapema na umuulize anapokea ushahidi gani mbadala.

Kuhusu kozi za kuombea, nina msimamo. Usiiombee kozi ya takwimu au mbinu za utafiti ikiwa uliisoma zamani, hata kama kanuni inaruhusu. Tasnifu ya DBA inasimama juu ya kozi hizo, na mtihani mkuu wa kabla ya tasnifu hauondolewi kwa krediti za nje. Anayeziruka huokoa ada ya kozi moja, kisha hulipia mihula ya ziada akiwa kwenye tasnifu. Ombea za uongozi, mikakati, nadharia za taasisi, na za fani yako. Waliosoma fedha za Kiislamu au uendeshaji wa utalii wasilazimishe kozi hizo ziondoe kozi ya lazima. Kule mara nyingi hazina mwenzake. Ziombee nafasi ya kozi za hiari, na hapo hupita kwa urahisi zaidi. Utangulizi wa uhasibu, utangulizi wa masoko, mafunzo ya vitendo na tasnifu ya uzamili usijisumbue nazo.

Kwa upande wa Uingereza saa hazisumbui: krediti yao nayo ni saa 10, uzamili 180, uzamivu 540. Tatizo la huko ni kwamba shahada nyingi za uzamivu za aina ya DBA zina moduli, yaani kozi, chache kubwa, basi kozi ndogo za krediti 10 au 12 hazitoshi kujaza nafasi ya moduli moja.

Chuo chenyewe kikaguliwe ithibati kabla ya yote, kwenye orodha ya Wizara ya Elimu ya Marekani au ya CHEA, baraza la huko linalotambua vyombo vya ithibati. Ithibati ya AACSB ni sifa ya ziada ya skuli za biashara, na kukosekana kwake si dalili ya chuo bandia. Mtumishi wa Serikali aiulize TCU mapema kuhusu chuo na aina ya masomo anayokusudia, kwa sababu shahada ya nje itahitaji kutambuliwa na Tume, na jibu la kabla ya kulipa lina faida kuliko la baadae.

Uamuzi ukitoka, omba barua inayotaja kila kozi iliyoondolewa, kisha ingia kwenye akaunti yako ya mwanafunzi uone kama krediti zimeingizwa kweli. Alama za kozi hizo hazihesabiwi kwenye GPA mpya, yaani wastani wa alama zako, usishtuke. Ikiwa kozi imekataliwa, omba sababu kwa maandishi. Ikiwa ni upungufu wa saa au muhtasari, kata rufaa ukiambatanisha karatasi iliyokosekana, na ufanye hivyo kabla ya muhula wa kwanza kwisha, maana vyuo vingi hufunga dirisha hilo hapo.