Shawa ya maji ya moto kwa bei nafuu: ipi inafaa nyumba yako

Kama nyumba yako ina bafu moja, maji yanashuka kutoka simtanki lililo juu ya mnara mfupi, na bajeti ni ya kubana, nunua shawa ya umeme ya papo hapo (inayopasha maji yakiwa yanapita) ya wati 5500 yenye hatua tatu au nne za joto. Pesa inayobaki iingize kwenye waya na eathi (njia ya kupeleka ardhini umeme unaovuja). Huo ndio ushauri wangu kwa walio wengi, nimeuweka mwanzoni kwa ajili ya mwenye haraka. Ila nyumba hazifanani, na ninaandika zaidi kwa ajili ya wale ambao jibu lao ni tofauti na hili.

Siku hizi maduka ya Kariakoo yana mikisa za themostati zinazong'aa, yaani koki zinazochanganya maji ya moto na ya baridi na kushikilia joto uliloweka, zenye namba 38 katikati ya kitasa, na watu wanazinunua kwa nia njema kabisa. Nyumbani kuna mtoto anayeanza kuoga mwenyewe, au bibi ambaye mkono wake hauhisi joto upesi, na hakuna anayetaka waungue. Tatizo ni kwamba kifaa hicho kinadai vitu viwili ambavyo nyumba zetu nyingi hazina: maji yaliyokwisha kupashwa moto mahali pengine, na presha ya kutosha.

Ndani ya mikisa ya kweli ya themostati kuna kidonge cha nta. Nta ikipata joto hutanuka, ikipoa husinyaa, na mwendo huo ndio unaosukuma kipande kinachobana maji ya moto na kuachia ya baridi, au kinyume chake. Ukishaweka nyuzi 38, mwingine akifungua bomba jikoni, wewe bafuni husikii mabadiliko. Maji ya baridi yakikatika ghafla, mikisa hufunga ya moto yenyewe. Hapo ndipo ilipo thamani yake, kwa sababu maji ya nyuzi 60 huunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde chache, na ya mtoto upesi zaidi. Ulaya vifaa hivi vina kiwango chake, EN 1111. Ukikikuta kwenye boksi au kwenye karatasi ya maelekezo, ni dalili njema.

Presha sasa. Kila mita 10 za kimo cha maji hutoa baa 1 (baa ni kipimo cha presha). Mnara wako una mita 3, simtanki lina maji ya kimo cha mita 1, na kichwa cha shawa kiko mita 2 kutoka sakafuni: umebakiwa na mita 2 tu, yaani baa 0.2. Mikisa nyingi za themostati zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya hutaka kama baa 1 ili zifanye kazi sawasawa. Ndiyo maana mtu anafunga kifaa cha bei kubwa kisha anaishia kuoga maji yanayochuruzika, na lawama zinamwangukia fundi bomba. Ama uwe na pampu inayosukuma maji ya moto na ya baridi kwa nguvu moja, ama utafute mikisa iliyoandikwa waziwazi kuwa ni ya presha ndogo. Pampu kwenye maji ya baridi peke yake haisaidii, inaharibu kabisa, maana maji ya baridi yatayasukuma ya moto yarudi yalikotoka.

Na shawa ya umeme ya papo hapo ikiandikwa themostati? Mara nyingi hiyo ni swichi ndogo inayokata umeme joto likizidi. Ni kinga nzuri, nami sinunui isiyo nayo, lakini haishikilii nyuzi 38 kama ile ya nta.

Namba 1: shawa ya papo hapo ya hatua tatu au nne, wati 5500

Hizi ndizo zile za plastiki nyeupe zinazofungwa juu mahali pa kichwa cha shawa. Asili yake kwa sehemu kubwa ni Brazil, na jina lililozoeleka zaidi Afrika Mashariki, Lorenzetti, ni la kampuni ya São Paulo iliyoanzishwa mwaka 1923. Sifa yake kubwa kwetu ni kwamba hairingii presha: nyingi huanza kufanya kazi kwa kimo cha mita 1 tu juu ya shawa.

Uwezo wake unategemea ulipo. Kupasha lita 1 ya maji kwa nyuzi 1 kunahitaji kilojuli 4.2 hivi. Mkazi wa Dar es Salaam mwenye maji ya nyuzi 27 anahitaji kupandisha nyuzi 11 tu kufika 38, kwa hiyo wati 5500 zinampa kama lita 7 kwa dakika. Ni shawa tele. Aliye Njombe, maji yake yakiwa nyuzi 15 asubuhi, anapandisha nyuzi 23 na anapata kama lita tatu na nusu. Anaoga, ila asitegemee mvua ya hotelini. Kwa nyanda za baridi kama Njombe, Mbeya, Limuru au Eldoret, fikiria ya wati 7500, ilimradi waya wako unaibeba. Kwa pwani hiyo ni kutupa pesa. Hata wati 5500 utaishia kuitumia kwenye hatua ya kwanza au ya pili.

Umeme ukishuka jioni, joto nalo linashuka kuliko unavyodhani. Shawa ya wati 5500 kwa volti 220 ikipata volti 200 inabaki na wati 4500 hivi. Kabla hujailaumu shawa, pima umeme.

Namba 2: ya papo hapo ya maji ya chumvi

Kwa mtu wa Kigamboni, Zanzibar, Mombasa au popote anapoogea maji ya kisima chenye chumvi, hii ndiyo namba 1. Kwenye shawa za kawaida elementi, yaani sehemu inayopasha maji, ni waya ulio wazi ndani ya maji. Maji matamu hayapitishi umeme mwingi, ya chumvi yanapitisha, na umeme huo unaovuja ndio ule mtekenyo unaousikia ukigusa koki. Toleo la maji ya chumvi lina elementi iliyofunikwa ndani ya bomba la chuma, kwa hiyo umeme haukutani na maji. Bei inapanda. Ilipe. Hapa sishauri kupunguza hata senti.

Namba 3: hita ya tanki ya lita 50 pamoja na mikisa ya themostati

Hapa sasa themostati inastahili pesa yake. Ukiwa na mabafu mawili, pampu, na watoto, mpango huu unawashinda wote kwa raha na usalama. Nimeuweka wa tatu kwa ajili ya gharama ya kuanzia tu. Hita ya tanki hutumia wati 1500 hadi 3000, kwa hiyo haielemei nyaya za nyumba. Lita 50 za nyuzi 60 zikichanganywa na maji ya nyuzi 22 zinakupa kama lita 100 na zaidi za kuogea. Ya wati 2000 itahitaji saa moja na dakika chache kuzipasha kutoka mwanzo.

Watu wengi, kwa kuogopa kuungua, huishusha hita hadi nyuzi 45. Tafadhali usifanye hivyo. Maji ya uvuguvugu yanayokaa ndani ya tanki ni mazalio ya bakteria wa Legionella, wanaosababisha ugonjwa mbaya wa mapafu. Acha tanki kwenye 60, na mikisa ndiyo ishushe joto hadi 38 pale bafuni.

Wakati wa kufunga, maji ya moto huingia kushoto na ya baridi kulia. Fundi akigeuza, themostati haitafanya kazi kabisa, na wengi huirudisha dukani wakisema ni mbovu. Kama maji yako yana chokaa, kama ya visima vingi vya Dodoma, zungusha kitasa kutoka baridi kabisa hadi moto kabisa mara moja kwa mwezi ili kisigande, na chujio ndogo zilizo kwenye viingilio ziloweke kwenye siki zikiziba.

Namba 4: soloo (hita ya maji ya jua) na mikisa ya themostati

Mwenye nyumba yake mwenyewe na paa linalopata jua, afanye hesabu ya miaka, asifanye ya mwezi. Kuanza ni ghali kuliko vyote hapa juu, kisha jua halitumi bili. Kenya ilitoa kanuni za maji ya moto ya jua mwaka 2012, kwa majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku, na ndiyo sababu moja ya kuona matanki mengi juu ya mapaa ya Nairobi. Nasisitiza jambo moja: siku ya jua kali ambayo hakuna aliyeoga, maji ya soloo yanaweza kuvuka nyuzi 70. Kuyaleta bafuni kwa mikisa ya kawaida penye mtoto ni hatari kubwa. Kwenye soloo, hesabu themostati kuwa sehemu ya mtambo wenyewe.

Namba 5: ya papo hapo ya kielektroniki

Ina kitasa kinachopandisha joto polepole badala ya hatua. Inapendeza kutumia, lakini kitasa hicho kinarekebisha nguvu ya umeme tu; maji yakipungua, joto bado linapanda. Na saketi zake hazipendi umeme wa kucheza. Kama mtaani kwenu umeme ni tulivu, ichukue bila wasiwasi.

Nisizozishauri ni mbili. Hita ya gesi ndani ya bafu, kwa sababu gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu na imeua watu wakiwa wanaoga. Kama lazima utumie gesi, mtambo ukae nje ya ukuta kwenye hewa. Nyingine ni ile koili ya kutumbukiza kwenye ndoo. Najua ni rahisi na iko kila gengeni. Penye watoto isiwepo.

Waya ndio nusu ya ununuzi

Shawa ya wati 5500 huvuta ampea 25. Plagi ya kawaida ya ampea 13 haifiki hata wati 3000 kwa volti 230, kwa hiyo fundi anayekuambia atachomeka kwenye soketi, mwage kwa adabu. Unahitaji waya wa milimita 4 (za mraba) unaotoka moja kwa moja kwenye mein swichi bila kuchangia na taa wala friji (milimita 6 kwa wati 7500 au kama njia ni ndefu), breka yake ya ampea 32 (ya 40 kwa wati 7500), na swichi ya kukata nyaya zote mbili iliyo nje ya bafu. Maungio yawe ya kauri, ya plastiki yanayeyuka.

Ule waya wa kijani, au kijani na njano, ndio eathi. Nimeona mara nyingi umekatwa na kukunjwa nyuma ya shawa kwa sababu shawa inawaka hata bila waya huo. Inawaka, ndiyo, na siku elementi ikipasuka mwili wako ndio unakuwa eathi. Dai uunganishwe, eathi rodi (fimbo ya chuma iliyozamishwa ardhini) ipimwe, na kwenye ubao wa umeme kuwe na kifaa kinachokata umeme ukivuja miliampea 30. Gharama ya haya yote inaweza kuizidi bei ya shawa. Ipange kabla hujatoka nyumbani.

Kuhusu LUKU (umeme wa kulipia kabla)

Watu wanne wakioga dakika 10 kila mmoja kwa wati 5500, ni uniti 3.7 kwa siku, kama 110 kwa mwezi. Walio kwenye kundi la D1 (watumiaji wadogo wa nyumbani) la TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, waliangalie hili kwa makini: bei ile nafuu ya shilingi 100 ni kwa uniti 75 za mwanzo tu, kabla ya kodi na makato, na zinazozidi hutozwa shilingi 350. Shawa peke yake inaweza kukuvusha. Kuoga dakika 5 kunaleta nafuu kuliko kubadili aina ya shawa, na kwa pwani hatua ya kwanza ya joto inatosha karibu mwaka mzima.

Ukiwa dukani

Soma volti kwanza. Brazil wana umeme wa volti 127 na wa 220, na shawa ya 127 ikiingia kwenye umeme wetu inaungua papo hapo; chukua ya 220. Uliza kama elementi ya spea inauzwa hapohapo, maana ndiyo inayokufa kwanza, na shawa nzuri isiyo na spea ni ya kutupa. Dai risiti na kadi ya waranti yenye muhuri.

Siku ya kufunga, pitisha maji kwanza hadi shawa ijae, ndipo uwashe umeme, la sivyo elementi inaungua dakika hiyohiyo. Kwenye shawa za hatua, badilisha joto maji yakiwa yamefungwa. Na kama umenunua mikisa ya themostati, usimlipe fundi kabla ya jaribio hili: weka nyuzi 38, acha maji yatiririke, kisha mwambie afunge koki ya maji ya baridi. Kichwa cha shawa kisogezwe pembeni, mtu asisimame chini yake. Mtiririko ukikatika au ukabaki matone ndani ya sekunde chache, ni themostati ya kweli na imefungwa sawa. Maji ya moto yakiendelea kumwagika, ifunguliwe na irudi dukani siku hiyohiyo, risiti ikiwa bado mkononi.