Uzoefu wangu na RITA: mtandao hausumbui sana, majina ndiyo yanasumbua

Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, yaani RITA, uko chini ya Wizara ya Katiba na Sheria ya Tanzania na ulianza kazi mwaka 2006. Mambo yake ni mengi: ndoa na talaka, wosia, mirathi, wadhamini wa misikiti na makanisa, ufilisi. Mimi nazungumzia vyeti vya kuzaliwa na vya vifo tu, maana hivyo ndivyo ninavyowajazia watu kila msimu.

Mfumo wa eRITA ni mzuri kuliko sifa zake mitaani. Unafungua akaunti, unachagua huduma (kizazi, kifo au uhakiki, yaani kuthibitishiwa cheti ulicho nacho), unajaza taarifa, unapandisha viambatisho, unalipa kwa simu au benki kwa ile kontrol namba ya tarakimu 12 inayoanza na 99. Barua pepe iwe yako mwenyewe na nywila uiandike kwenye daftari. Wengi hufunguliwa akaunti na kijana wa steshenari kwa barua pepe yake yeye, kisha majibu yakitoka hakuna wa kuyaona.

Kinachorudisha maombi nyuma ni majina. Cheti cha kidato cha nne kinasema Asha Juma Hamisi, cha ubatizo au kadi ya kliniki kinasema Asha Juma, kitambulisho cha taifa cha NIDA kimeandika Hamis bila i. Kwako wewe ni mtu mmoja. Kwa msajili hao ni watu watatu mpaka uthibitishe. Kabla ya kugusa kompyuta, tandaza karatasi zote mezani na usome herufi kwa herufi: jina lako, la baba, la mama, tarehe, mahali pa kuzaliwa. Tofauti ndogo ya tahajia mara nyingi huelezwa kwa kiapo cha wakili au mahakama. Jina lililobadilika kabisa linahitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Usijaze kwanza ukitegemea kurekebisha baadaye. Kurekebisha cheti kilichokwisha kutoka ni safari ndefu kuliko kukiomba.

Umri wa anayesajiliwa nao hubadilisha kazi yote. Sheria inataka kizazi kisajiliwe ndani ya siku 90. Aliye na tangazo la kizazi kutoka hospitali hana mashaka, basi kile kikaratasi kisiwekwe kwenye mfuko wa nepi kikalowa. Baada ya siku 90 unaingia kwenye usajili uliochelewa na lazima ulete ushahidi. Ikipita miaka 10, msajili wa wilaya, ambaye ni Katibu Tawala, hamalizi mwenyewe. Ombi linahitaji idhini ya Msajili Mkuu. Kwa hiyo mtu wa miaka 19 anayeanza usajili wiki ambayo dirisha la mikopo ya elimu ya juu limeshafunguliwa amejichelewesha mwenyewe. Aanze akiwa kidato cha tano.

Kwa watoto chini ya miaka mitano mambo ni mepesi kabisa, na hapa nawapa alama zote. Mpango ulioanzia Mbeya mwaka 2013 ulishusha usajili hadi zahanati na ofisi za watendaji wa kata, cheti hutolewa bure, na taarifa hutumwa kwa simu. Cheti chenyewe huandikwa kwa mkono, ndipo wazazi wanapokidharau na kutafuta "kile cha kompyuta". Kinatambulika, msihangaike.

Uhakiki ndio unaojaza watu kwenye foleni, kwa kuwa Bodi ya Mikopo huutaka. Hapa kosa kubwa ni skani mbovu: picha ya simu yenye kivuli, pembe imekatwa, namba ya ingizo (ile ya cheti kwenye kumbukumbu za usajili) haisomeki. Skani ukurasa mzima, rangi zionekane, faili liwe PDF. Cheti kilichofanyiwa laminesheni hung'aa chini ya skana na muhuri unapotea, kwa hiyo msivifunike. Bahasha ngumu inatosha. Aliyezaliwa Zanzibar asihangaike RITA, huko kuna wakala wao wa usajili wa matukio ya kijamii, na uhakiki hufanyika kwao.

Kwa yatima anayeomba mkopo kuna mtego mwingine. Cheti cha kifo cha mzazi nacho huhakikiwa, na jina lililomo lazima lilingane na jina la mzazi kwenye cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Msibani anayetoa taarifa mara nyingi ni shemeji au jirani, naye hutaja jina analolijua: Baba Asha ni "Mzee Mfaume" mtaa mzima, kwenye cheti cha mtoto ni Juma Hamisi. Kifo kinatakiwa kusajiliwa ndani ya siku 30, na kibali cha mazishi ndicho kinachoanzisha maombi. Kwa hiyo atumwe mtu mwenye kitambulisho cha marehemu mkononi, asitumwe mwenye kumbukumbu tu.

Siku ya kuchukua cheti, usikikunje na kuondoka. Kisome palepale kaunta, ukilinganisha na karatasi ulizokwenda nazo, kisha nakili namba ya ingizo kwenye simu na kwenye daftari la nyumbani. Cheti kikiungua au kuibiwa, namba hiyo ndiyo inayomrahisishia karani kazi ya kukutafuta kwenye kumbukumbu.