"Kwa sababu ng'ombe": alama kumi kwa kumi

Nyota mbili, na moja ni ya huruma.

Programu hii ya tableti inajinadi kwamba inafundisha fikra tunduizi kwa darasa la tano na la sita. Haya, fungua swali la mahindi: ya mlimani yamenyauka, ya bondeni yamestawi, eleza kwa nini. Andika "kwa sababu ng'ombe". Kumi kwa kumi, na vigelegele juu! Sasa andika jibu la mtoto anayefikiri kweli: "Sijui bado, nataka kwanza kuona udongo wa pande zote mbili." Sifuri.

Tatizo ni kwamba haisomi maana, inawinda maneno: "kwa sababu", "hivyo basi", "ushahidi". Watoto wanalishtukia hilo upesi, na daftari zima linajaa "kwa sababu" zisizo na sababu. Juu ya hayo kuna saa inayohesabu kurudi nyuma, wakati Mary Budd Rowe, mtafiti wa elimu wa Marekani, alishaonyesha miaka mingi iliyopita kwamba mwalimu akinyamaza sekunde 3 tu baada ya swali, majibu yanarefuka na hoja zinaongezeka.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. "Mwalimu, mfumo haukosei. Labda wanafunzi wako hawajazoea tableti." Hawajazoea! Wao ndio waliougundua huo ujanja wa ng'ombe.

Na somo la mahindi linataka namba za simu za nani? Linaomba ruhusa ya kuona mahali ulipo na orodha ya majina na namba ulizohifadhi, ilhali hapa Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Ingia Mipangilio, Programu, Ruhusa, ukatae zote mbili. Masomo yanafunguka vilevile, kwa hiyo hawakuzihitaji.

Ila kuna zoezi la "Badili mawazo", na hapo nawavulia kofia. Mtoto anaandika jibu, linafichwa, analetewa jedwali la mvua, kisha anaulizwa: unalitetea au unalibadili? Mwisho majibu yote mawili yanawekwa ubavu kwa ubavu. Halihitaji intaneti. Zima alama na saa kwenye ukurasa wa mwalimu, weka watoto wawili kwa tableti moja, waandike kwanza daftarini dakika 5, halafu waulizane "umejuaje?" kabla ya kugusa kioo. Kwa zoezi hilo peke yake ningetoa nyota nne.

Ningetoa. Kila programu ikisasishwa, alama na saa vinajiwasha tena bila kumuuliza mtu. Ile ya huruma naiondoa: nyota moja.