Mbele ya nyumba yetu sasa panakalika

Kazi ya mbunifu wa bustani tuliyemwita na vijana wake naipa nyota nne kati ya tano. Mbele ya nyumba palikuwa na majani makavu na njia ya saruji iliyonyooka kutoka getini hadi mlangoni. Upepo ulipiga bila kizuizi, vumbi likaingia hadi sebuleni, na kila mpita njia alikuona ulipokaa nje. Mama alishaacha kabisa kukaa kibarazani.

Tulipotaja ukuta mrefu, mbunifu alikataa, tena kwa hoja. Upepo ukigonga ukuta huruka juu yake, kisha hushuka kwa upande wa pili ukizungukazunguka kwa fujo. Uzio wa mimea unaopitisha karibu nusu ya upepo huupunguza kasi, na nafuu yake hufika umbali wa takribani mara kumi ya kimo chake. Akapanda miche kwa mistari miwili inayopishana, sentimita 45 kati ya mche na mche. Anaupogoa uzio uwe mpana chini na mwembamba juu, ili majani ya chini yapate jua na shina lisibaki tupu. Vumbi limepungua sana.

Kilichonifurahisha zaidi ni alivyolishughulikia suala la faragha. Alimwomba mama akae kwenye benchi, akamtuma kijana mmoja atembee polepole barabarani, naye akawa anachomeka vijiti vyenye vitambaa vyekundu kila mahali macho yao yalipokutana. Macho ya mtu aliyekaa huwa karibu mita 1.2 kutoka chini. Ya anayetembea, karibu mita 1.6. Kwa kuwa kibaraza chetu na barabara viko usawa mmoja, kichaka kilicho karibu na benchi kinatosha kikiwa na mita 1.4 tu. Kwa hiyo vichaka vimewekwa pale penye vijiti, si kuzunguka kiwanja kizima, na dirisha la sebule bado linapata mwanga wote. Mama anamwona anayebisha hodi getini kabla mama mwenyewe hajaonekana. Nimeipenda mno akili hiyo!

Njia nayo imepindishwa kidogo, ikapita kando ya asumini na nyasi ndefu zinazoyumba, kwa hiyo huoni bustani yote kwa mara moja.

Nyota moja nimeizuia kwa sababu mbili. Bogenvilia ilipandwa ukingoni kabisa mwa njia, na miiba yake ikawa inanasa mikono ya nguo. Walirudi kuisogeza nyuma bila kudai malipo, lakini mtu wa kazi hii alipaswa kuliona hilo mapema. Pili, walituachia miche michanga bila maelekezo ya maji. Nilibaki kupiga simu ndipo nikaambiwa nimwagilie kwa kina mara chache kuliko kunyunyiza kidogo kila siku, ili mizizi ishuke chini, na nisiyaache matandazo, yaani majani makavu ya kufunika udongo, yakagusa shina, maana unyevu huliozesha.

Mwenye kiwanja kidogo kilicho wazi kwa barabara namshauri atafute mbunifu anayeanza kwa kukaa kwenye benchi lako kabla ya kuchora chochote. Na ratiba ya kumwagilia na kupogoa uipate kwa maandishi kabla hujamalizia malipo.