Hitler: kumtia mbaroni au kumuua?

Maafisa wa Ujerumani waliompinga Hitler waligawanyika. Mpango wa Septemba 1938 ulikuwa kumkamata na kumshtaki, ingawa baadhi yao walitaka auawe papo hapo. Kesi ingeanika ushahidi hadharani. Lakini mpango ulingojea tishio la vita. Makubaliano ya München, yaliyoipa Ujerumani sehemu ya Chekoslovakia bila vita, yalipotiwa saini, mpango ukafa. Tena tangu 1934 askari walimwapia Hitler binafsi utii, na hata akiwa mateka, maadamu yu hai, kiapo hicho kingewafunga.

Kumuua kungefuta kiapo, ila bomu halichagui. Julai 20, 1944, Stauffenberg, afisa aliyebeba mabomu mkobani hadi mkutano wa Hitler, akiharakishwa, aliweza kutega kilipuzi kimoja tu kati ya viwili. Kisha mkoba huo ukasogezwa nyuma ya mguu mnene wa meza. Wanne walikufa, Hitler akapona.