Vikao vitano vya PM+ Malindi: vinapofaa na vinapokwama

Unachopata ni vikao vitano, kila kimoja dakika 90, mara moja kwa wiki, na mtu yule yule toka mwanzo hadi mwisho. Hakuna dawa, hakuna kitanda, hakuna koti jeupe. Anayekaa nawe si daktari. Ni mhudumu wa afya ya jamii, au mtu wa mtaani kwako aliyewahi kubanwa na mawazo akatoka, kisha akafundishwa kufuata mwongozo hatua kwa hatua. Mwongozo wenyewe unaitwa PM+ (Problem Management Plus), wa kumsaidia mtu aliyeelemewa na mawazo na dhiki. Ulitolewa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2016 na kuupakua hakulipiwi. Kenya si mgeni nao: majaribio yaliyochapishwa mwaka 2017 yalifanyika viungani mwa Nairobi kwa wanawake 421, yakiendeshwa na wahudumu wa jamii, na waliopitia vikao walipungukiwa na dhiki kuliko wenzao walioelekezwa kwa muuguzi wa kituo cha afya.

Hapa tunapima jinsi huduma ya aina hii inavyokaa ikiletwa Malindi, kuanzia Shela na Maweni hadi mashambani Ganda na Kakuyuni. Hatutaji kikundi kwa jina. Vikundi huja na kuondoka na mradi, mwongozo unabaki.

Kazi huanza kwa maswali. Wengi hutumia PHQ-9, karatasi ya kupima sonona (ugonjwa wa huzuni nzito): maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita, kila jibu likipewa 0 hadi 3, jumla isizidi 27. Kuanzia 10 kwenda juu ndipo kuna la kushughulikia; 20 na zaidi si la kumaliziwa kibarazani, lazima mtaalamu amwone. Karatasi ni nzuri, lakini ikisomwa kama ilivyotafsiriwa ofisini hutoa nambari za uongo. Swali la usingizi kwa mvuvi anayeamka saa tisa usiku kuwahi maji halipimi mawazo yake, linapima kazi yake. Muulize siku asiyokwenda baharini analalaje, na umuulize pia kuhusu muguka kabla hujaandika 3. Swali la hamu ya kula likiulizwa katikati ya Ramadhani nalo ni hivyo hivyo. Na neno "sonona" lipo kwenye mabango ya afya, ila mtaani husikii mtu akisema ana sonona. Atakwambia ana mawazo, kichwa kinamchemka, moyo unamwenda mbio, mwili umeisha nguvu. Msaidizi mzuri huanzia hapo hapo.

Swali la tisa linauliza kama mtu ameona afadhali afe, au amewaza kujidhuru. Ndilo swali rahisi zaidi kuandikiwa sifuri isiyo ya kweli. Sababu moja ni dini: mtu anaona haya kutamka jambo analojua ni haramu. Nyingine ilikuwa sheria. Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya jaribio la kujiua kuwa kosa la kifungo cha hadi miaka miwili, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba tarehe 9 Januari 2025. Habari hiyo si kila nyumba imeipata, kwa hiyo msaidizi aitamke kwanza ndipo aulize. Aulize waziwazi, faraghani, kwa sauti ya kawaida. Kuuliza hakumwingizii mtu wazo hilo kichwani, kunampa mahali pa kulitua. Akisema ndiyo, aulizwe kama ana mpango na kama ana njia ya kuutekeleza. Mwenye mpango haachwi peke yake, vitu vya hatari vinatolewa nyumbani, na anasindikizwa hospitali siku ile ile. PM+ itasubiri. Nambari ya 1199 ya Msalaba Mwekundu haikatwi pesa, na iandikwe kwenye karatasi anayoondoka nayo mteja. Ndani ya simu ya msaidizi haimsaidii mtu.

Kikao cha kwanza hufundisha kupumua taratibu. Mabega yanalegezwa, mkono mmoja unawekwa tumboni, pumzi inaingia kwa hesabu ya tatu na kutoka kwa hesabu ya tatu, na kinachopanda ni tumbo, si kifua. Kosa la kawaida ni kuvuta pumzi kubwa mno. Dakika mbili baadaye mtu anaona kizunguzungu na kusema zoezi limemzidishia. Limemzidishia hewa tu. Apunguze kina, asihangaike na kasi peke yake. Wazamiaji wa kamba wana kosa lao, wanafunga pumzi katikati kwa mazoea ya kazi. Anayepotelewa na hesabu ashike tasbihi, punje moja kwa pumzi moja. Mwongozo haukusema hivyo wala haukukataza, na ni bora kuliko programu ya simu inayokula bando. Zoezi lifanywe kila siku, hata mtu akiwa ametulia. Anayengoja hadi moyo uende mbio ndipo ajaribu ni sawa na anayejifunza kuogelea chombo kishapinduka.

Kikao cha pili ndicho uti wa mgongo, na ndicho kinachovurugwa zaidi. Mteja anataja matatizo yake yote, kisha yanagawanywa mafungu matatu: yanayotatulika, yasiyotatulika, na yasiyo na uzito. Linachaguliwa moja la fungu la kwanza, na ikiwezekana jepesi. Linaelezwa kwa udogo wake, yanamwagwa mawazo yote ya kulikabili bila kuyahukumu, yanachaguliwa mawili au matatu, unapangwa utekelezaji, na wiki inayofuata mnarejea kuona limeendaje.

Chukua mfano wa mama ambaye mumewe alikuwa akifanya kazi hotelini. Aprili mvua zimeingia, hoteli imepunguza watu hadi wageni warudi Julai, na yeye ana deni la chama la shilingi 6,000. Msaidizi asiyeiva atasema: "Pole mamangu, vumilia, Mungu atafungua." Ni maneno ya upole na hayana dhambi, lakini mama ameyasikia tayari kwa majirani kumi. Aliyeiva huuliza: "Mamangu, katika haya yote, lipi likipungua wiki hii utalala?" Jibu la kwanza litakuwa "pesa". Hapo asikubali haraka. "Pesa" haishikiki. Akiendelea kuuliza atafika penye mwiba: mama anaogopa Ijumaa, kwa sababu mweka hazina atamtaja mbele ya watu. Hilo lina mshiko. Mpango unaoandikwa usiwe "nitaongea naye". Uwe hivi: Jumatano baada ya sala ya alasiri, nyumbani kwa mweka hazina, nikiwa na dada yangu, nitaomba kulipa 500 kila wiki kwa wiki 12. Kisha maneno yenyewe yanafanyiwa mazoezi pale pale, msaidizi akijifanya mweka hazina, tena mweka hazina mkali. Bila mazoezi hayo mama atafika mlangoni, aamkiane, aulize hali za watoto, na arudi zake.

Fungu la yasiyotatulika lina heshima yake. Familia zilizosubiri majibu ya DNA baada ya vifo vya halaiki katika msitu wa Shakahola, mwaka 2023, hazikuwa na tatizo la kupangiwa hatua saba. Kumwambia mtu kama huyo "tuorodheshe suluhisho" ni kumkosea. Kwake msaidizi anarudi kwenye pumzi, kwenye watu wa kukaa naye, na kwenye shughuli ndogo za kutwa.

Shughuli hizo ndizo kikao cha tatu. Mawazo humkalisha mtu, kukaa kunazidisha mawazo, na mzunguko unakatwa kwa kitendo hata kabla hamu haijarudi. Kosa la wasaidizi wengi ni ukubwa wa kitendo. "Rudi kuuza mahamri" ni mlima. "Jumamosi asubuhi nikande unga kilo moja, nikaange ya watoto, nisiuze" ni kilima, na mtu anakipanda. Wiki ya pili nusu yanatoka kwenda kwa jirani, ya tatu meza inarudi nje. Kwa mvuvi ni kukaa na wavu ulioraruka nusu saa kila alasiri, si kuingia chomboni. Weka siku na saa, la sivyo halifanyiki.

Kikao cha nne kinahusu kujiimarisha kwa watu wa karibu. Malindi watu wa karibu si haba, kazi ni kumchagua asiyetoboa siri. Cha tano ni marudio, pamoja na jaribio zuri ambapo mteja anaelezwa shida ya mtu mwingine na kuulizwa angemshauri nini. Akishauri vizuri, kazi imeingia.

Shida ya kwanza ya kweli ni kalenda. Mwongozo unasema kila wiki, lakini bahari haihesabu siku saba. Wakati wa bamvua, maji yakipwa sana, watu wa pweza wako mwambani. Uliyempangia asubuhi hiyo hatakuja, wala si kwamba amekata tamaa. Panga vikao vyake wakati wa maji mafu. Ramadhani, baina ya alasiri na magharibi, usimwite mwanamke yeyote mwenye jiko. Saa nne asubuhi inafaa zaidi. Kikao kikisogea siku tatu nne hakuna neno. Kikipita wiki mbili, mpango wa utekelezaji umeshasahaulika na mnaanza upya.

Ya pili ni mahali. Kibaraza cha nje kila mpita njia anasalimu na kungoja kuitikiwa. Chumba cha zahanati kinatenganishwa na foleni kwa pazia. Panapofaa ni mahali panapoonekana lakini hapasikiki: chini ya mwembe nyuma ya shule baada ya vipindi, au upande wa pili wa ua mlango ukiwa wazi. Mwanamke na mwanamke, mwanamume na mwanamume, isipokuwa mteja mwenyewe atake vingine. Mtoto wa miaka saba hatumwi dukani mara tano kwa dakika 90, kwa hiyo atafutiwe wa kumshika.

Kwa baadhi ya watu huduma hii haifai kabisa, na msaidizi anayewapokea anawapotezea muda. Anayesikia sauti wasizosikia wengine, au aliyepotewa na mpangilio wa maneno, anahitaji hospitali. Ikibidi kulazwa, wadi ya wagonjwa wa akili iko Port Reitz, Mombasa, zaidi ya kilomita 100. Teja aliyezama kwenye unga, yaani heroini, hawezi kufuata kikao akiwa na arosto, yale maumivu ya kuukosa. Kwake mlango ni kliniki ya methadoni, dawa inayotolewa badala ya heroini, iliyoko hospitali ya Malindi tangu mwaka 2015. Dawa inanywewa kila siku mbele ya mhudumu. Akikosa siku kadhaa mfululizo asidai kipimo chake cha zamani, kwa kuwa mwili umeshapoteza uzoefu, na akichanganya na pombe au vidonge vya usingizi pumzi inaweza kuzimika. Hapa aliyewahi kuwa teja ana thamani kuliko mtu yeyote: maskani anaingia bila kukimbiwa, na anajua saa ambayo mtu yuko tayari kusikia. Nambari ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na pombe na dawa za kulevya, ni 1192, nayo ni ya bure.

Aliyeandikiwa dawa za sonona kama fluoxetine au amitriptyline anaweza kuendelea na PM+ sambamba. Msaidizi amkumbushe tu kwamba nafuu huchukua wiki kadhaa, maana wengi huacha wiki ya kwanza wakidhani dawa ni chaki, na asiache ghafla bila kurudi kwa daktari. Na aliyekwenda kusomewa au kunywa kombe asikaripiwe. Swali ni moja: huko kwingine, wamekwambia uache dawa? Kama hapana, njia mbili zinakwenda pamoja.

Sasa msaidizi mwenyewe. Kupitia shida si cheti. Wanaofundishwa kwa semina ya siku mbili na kupewa fulana huangukia makosa yale yale: wanasimulia yao nusu saa, wanatoa ushauri mahali pa kuuliza, wanabeba simu za usiku hadi wanavunjika. Mwongozo unataka kila msaidizi akutane na msimamizi aliyebobea kila wiki, apitie kesi moja moja, aeleze alipokwama, aigize kikao mbele ya wenzake. Hicho ndicho kipengele ambacho bajeti hukikata kwanza, kwa sababu hakipigiki picha. Sheria ya Afya ya Akili, ilivyorekebishwa mwaka 2022, inazipa kaunti jukumu la huduma za afya ya akili katika jamii, na usimamizi huu ndio mahali ambapo kaunti ingeweka pesa kabla ya fulana.

Kwa hiyo kabla hujakubali kikao cha kwanza, muulize msaidizi mambo matatu. Mwongozo unaoufuata uko wapi, nione. Nikizidiwa usiku, unanipeleka wapi na kwa usafiri gani. Na mara ya mwisho ulikaa na msimamizi wako lini. Akisema wiki hii, keti. Akianza kuhesabu miezi, mshukuru, na mwombe akuelekeze kwa muuguzi wa akili hospitalini.